Usingizi wa Mgongoni

Mtaa mzima wa Kasuku, mjini Kindu, ulijua kwamba Scholastique halali kama watu. Usiku wote ukiwa kimya, yeye yuko macho. Lakini mchana, wakati pikipiki zinapita, redio ya jirani inabwata na watoto wanagombania mpira mbele ya mlango, ndipo ungemkuta kwenye kiti chake cha mbao barazani, kichwa kimelalia ukuta, amezama. Mtu akizima redio, hapo hapo macho yanafunguka. Vijana walimcheka. Mama Didier, walisema, analala kwenye makelele na kuamka kwenye kimya. Naye alicheka pamoja nao, kwa sababu angeanza kueleza, wangekosa pa kuweka nyuso zao.

Hakuna anayezaliwa hivyo. Alizaliwa katika mji mdogo wa Kama, kwa wakulima, na wanaomkumbuka akiwa msichana wanasema alikuwa akilala hata mvua ikiezua nyumba. Aliolewa Kindu na Okito, kibarua aliyepakia mizigo kwenye mabehewa ya stesheni, wakapata wavulana wawili. Wa kwanza ndiye Didier. Wa pili aliitwa Destin.

Destin alianza kukoroma angali ananyonya. Usidhani ni ule mkoromo mdogo wa mtoto mwenye mafua. Huyu alikoroma kama mzee aliyemaliza bugali ya watu wawili. Okito ilimfurahisha ajabu. Wageni wakija, aliwainulia kidole, akasema, "Musikilize. Treni ya Kongolo njo inaingia." Vita vilipokata reli na stesheni ikaota majani, mtaa mzima ulisema kwamba treni iliyobaki Kindu ni ile ya nyumbani kwa Okito.

Hakuna aliyewaza ugonjwa, na tusijifanye leo kwamba tungewaza. Kwetu mtoto anayekoroma ni mtoto aliyeshiba. Anayelala kimya ndiye anayeguswa paji la uso. Mama peke yake aliona kwamba ile treni ilikuwa ikisimama njiani. Mkoromo unakatika, mdomo uko wazi, mbavu zinazama ndani kwa kuvuta, lakini hewa haiingii. Kisha mtoto anashtuka kama aliyeibuka kutoka majini, anavuta kwa nguvu, na mkoromo unaanza upya. Alilala ameinyoosha shingo nyuma, jasho linamtiririka, na mchana alisinzia na uji ukiwa bado mdomoni. Scholastique alipomwambia mumewe, Okito alijibu kwamba treni yoyote ina vituo vyake. Alikuwa mtu wa mzaha, Mungu amrehemu. Baadaye alikwenda Kampene kutafuta riziki kwenye machimbo, njia zikafungwa nyuma yake, na kilichorudi ni habari ya kifo chake tu.

Kwa hiyo siku vita vilipoingia Kindu na mtaa ukakimbilia porini, Scholastique alikwenda na watoto wawili na mdogo wake Francine, ambaye alikuwa bado hajaolewa. Aliyewaongoza alikuwa Papa Bulaimu, mlinzi wa zamani wa stesheni, Mwislamu mpole ambaye hakuivua kofia yake hata kwenye matope. Sheria zake zilikuwa chache na hazikuwa na mchezo. Mchana hakuna moto wala kinu wala sauti, kwa sababu wenye silaha hupita njiani mchana. Kutembea ni giza, kupika ni giza. Jua likitoka, watu walale chini ya majani.

Basi watoto wa Kindu wakafundishwa kulala jua likiwa utosini. Kwa wengine ilikuwa vita nyingine ndani ya vita. Destin haikumpa taabu, kwani mchana alikuwa amezoea kusinzia tangu zamani. Akiwekwa chini tu, analala. Na akilala, treni inaondoka stesheni.

Siku za kwanza watu walivumilia. Baadaye Scholastique aliona kwamba kila walipotandika majani, majirani zake walitandika mbali zaidi kidogo kuliko jana. Ikabidi Papa Bulaimu aseme.

"Mama Didier, mutoto haina kosa," alimwambia, macho yake chini. "Lakini sauti yake inafika kwenye njia. Na wale watu iko wanapita pale."

"Sasa unataka niende wapi, Papa Bulaimu?"

"Kule chini, kwenye kale kamto. Maji iko inaongea pale. Itafunika sauti yake. Didier abakie na siye."

Scholastique hakumchukia, hata leo hamchukii. Ukiumizwa na mtu mbaya unamtukana na moyo unapoa. Ukiumizwa na mwenye haki, unafanya nini? Alimfunga Destin mgongoni, akachukua sufuria yake. Hajafika mbali akasikia majani nyuma yake.

"Yaya, mimi nako ninakuja," Francine alisema, kwani dada mkubwa kwetu ni yaya.

Ni Francine huyo aliyegundua dawa. Aliona kwamba wakati wa kutembea, Destin akiwa amefungwa mgongoni kwa kitenge, amesimama wima na shavu lake limelalia bega, analala bila kukoroma. Hewa inapita. Basi mchana pia wakaacha kumlaza. Mmoja aliketi ameegemea mti kwa mikono, mtoto mgongoni, na mwingine akajinyoosha chini. Halafu wanabadilishana. Mgongo mmoja unalala, mwingine unalalisha. Wanawake wa kwetu wamebeba mgongoni kuni, mihogo, maji na wagonjwa, lakini kubeba usingizi wa mtu ilikuwa kazi mpya.

Na usingizi ule ulimfaa. Mtoto ambaye siku zote aliamka amechoka alianza kuamka akicheka. Alijaza mashavu porini, mahali ambapo watoto wengine walikonda. Alikuwa na desturi moja: akifungwa mgongoni ananyoosha mkono, anashika sikio la anayembeba, analiviringisha kati ya vidole mpaka usingizi umchukue. Kwa Scholastique alishika la kulia. Kwa Francine la kushoto. Wale wanawake wawili, mbali na watu, pamoja na njaa yao, walianza kuwa na furaha. Hilo ni jambo la aibu kusema juu ya siku za vita, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kisha mvua zikaja, na Destin akapata mafua.

Siku ile wenye silaha hawakupita njiani. Walikuja kwa kufuata maji. Francine ndiye aliyekuwa na mtoto. Hapakuwa na nafasi ya kukimbia. Waliingia kwenye magugu chini ya ukingo, wakachuchumaa. Mafua yalikuwa yameanza kumtoa Destin sauti, mkwaruzo mdogo puani. Francine akavuta kitenge cha pili, akamfunika kichwa kama tunavyowafunika watoto wote mvua ikinyesha, akajikunja mpaka kifua chake kikagusa magoti.

Wale watu hawakuwa na haraka. Walinawa, walijaza madumu, wakavuta sigara. Mmoja aliimba, na kusema kweli aliimba vizuri. Scholastique alikuwa amefumba macho, anausikiliza ule mkwaruzo: upo, upo, umepungua, upo. Alimwomba Mungu aunyamazishe. Ukanyamaza. Akasema moyoni, asante, Baba. Hayo ndiyo maneno aliyosema.

Walipoondoka na sauti zao zikapotea, Francine aligeuza uso, ameloa, lakini anatabasamu.

"Yaya, ameachilia sikio yangu," alinong'ona. "Leo njo amelala kweli."

"Usimuamushe," Scholastique akasema.

Mtoto mgonjwa akipata usingizi haamshwi. Hivyo mama zetu walitufundisha na hakuna mama wa kwetu Maniema ambaye angefanya tofauti. Waliokota vitu vyao, wakapanda taratibu kuwatafuta wenzao, ambao walikuwa wamehamia mbali zaidi ndani ya msitu. Francine alikanyaga kwa uangalifu asimtikise. Walipofika, akina mama walisogea kumpokea, na Scholastique akafungua kitenge.

Kilio cha kwetu kina sauti. Jirani anasikia, jirani wa jirani anasikia, na aliye shambani anatupa jembe. Destin hakupata hicho. Ilikuwa mchana, na mchana ni kimya. Wanawake waliuma vitenge vyao. Francine alijiziba kinywa kwa mikono yote miwili. Papa Bulaimu alichimba kwa panga na kwa vidole, na kofia yake ilipoangukia ndani ya shimo hakuiokota. Didier alisimama pembeni akishika sufuria, na akaambiwa kwamba ni homa. Tangu siku ile familia nzima imesema homa.

Baada ya kuzika, Papa Bulaimu alimwambia arudi kulala katikati ya watu. Hapakuwa na sababu tena ya kumtenga. Scholastique akajilaza kati yao, kila mtu akalala, na hakukuwa na sauti yoyote. Ule ndio mchana usingizi wake ulipotoka, na haukurudi naye Kindu.

Francine vita vilipokwisha aliolewa Alunguli, ng'ambo ya mto. Alizaa watoto wanne na hakumfunga hata mmoja mgongoni. Aliwabeba mikononi, akienda shamba, akienda sokoni, na watu wa Alunguli wakasema ni maringo ya wanawake wa Kasuku. Mtu akizungumza naye kwa muda mrefu, mkono wake wa kushoto ulipanda wenyewe ukashika sikio. Dada hao walikutana kwenye misiba na arusi. Walizungumza juu ya chumvi, juu ya mvua, juu ya waume za watu. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na kila mmoja alisikia mshindo wa mwenzake.

Miaka ikaenda. Didier akawa mtu wa pikipiki, anachukua abiria pale sokoni. Akaoa Falone, mwuza unga, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na roho nzuri, na Scholastique akakaa kwao. Binti yao Déborah alipoingia shule, alianza kukoroma.

"Treni imerudi," Didier alisema mezani, anacheka, bila kujua neno hilo limetoka shimo gani la kichwa chake.

Sahani ilimponyoka Scholastique mikononi.

Tangu hapo hakupata raha. Alimtazama mjukuu wake akilala mchana baada ya shule, mdomo wazi, shingo imenyooshwa nyuma, na kila kituo alikijua. Mwalimu aliita wazazi: mtoto anasinzia darasani, ni mvivu. Scholastique akasema mtoto apelekwe hospitali. Falone aliona anasutwa kwamba hajui kulea.

"Mama, mutoto mwenye kulala vile iko muzima," alisema. "Sauti yake inaonyesha ameshiba."

"Mwanangu, kuja," Scholastique akamwambia.

Alimshika mkono, akamketisha kando ya kitanda ambapo Déborah alikuwa amelala. "Usisikilize sauti. Usikilize pale sauti inaishia."

Wakaketi. Mkoromo ulikwenda, ukaenda, ukakatika. Falone naye bila kujua akabana pumzi yake. Alibana akingoja ya mtoto irudi, na ya kwake ikamwishia kwanza. Aliposhtuka kuvuta hewa ndipo na Déborah akashtuka kuvuta yake. Falone akamgeukia mama mkwe wake.

"Hii njo nini, Mama?"

Ndipo Scholastique alipowaambia, yeye na Didier. Kamto, mgongo, kitenge. Didier alisikiliza ameinama. Alisema tu kwamba siku zote alidhani ni homa, kisha akatoka nje, akaanza kuosha pikipiki ambayo ilikuwa safi.

Bahati ikawa kwamba madaktari wa kutoka mbali walikuwa Kindu kwa muda, wanapasua wagonjwa wa masikio na koo. Daktari mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mwenye mikono midogo. Alimwambia Déborah apanue kinywa, akamulika, akawaita watazame. Mafindofindo yalikuwa yamevimba, yamekaribia kugusana. Nyuma ya pua, alisema, iko nyama nyingine kama hiyo. Mtoto akiwa macho njia inabaki wazi. Akilala mwili unalegea, njia inafungika, na anapigania hewa usiku kucha. Ndiyo maana darasani anasinzia. Si uvivu.

Scholastique alikuwa na swali lake, amelitunza tangu ujana.

"Dokta, na mutoto wa vile akilazwa mugongoni? Wima?"

"Wima inasaidia, Mama. Njia inafunguka kidogo."

Moyo wake ukapanda. Daktari akaendelea, kwa wema tu, kama mtu anayefundisha. "Lakini muangalie shingo. Kichwa kikiinama mbele, kidevu kikagusa kifua, njia inafungika kabisa. Na mukimufunika, hamutaona."

Scholastique alisema asante. Akatafuta benchi, akaketi. Aliona mgongo wa Francine ukijikunja kwenye magugu, kitenge kikishuka, na chini ya kitenge kidevu kidogo kikishuka nacho. Alikuwa amekwenda kumtafutia mjukuu njia ya kupumua, akakabidhiwa na hilo pia alibebe.

Daktari alikuwa bado anaongea. Nyama zile zitakatwa. Watamlalisha mtoto kwa dawa, usingizi mzito, hatasikia kitu.

Neno hilo lilimwinua. Yeye aliyepigania mtoto aletwe, yeye aliyemshinda Falone, alimshika Déborah mkono akatoka naye mpaka kwenye lango.

"Hawamulalishi," alisema. "Wafanye yote, lakini kumulalisha, hapana."

Didier alimsihi, akachoka. Mwisho alikuja Falone, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake pale pale kwenye mchanga wa lango.

"Mama, ulinifundisha kusikia," alisema. "Sasa ninasikia kila siku. Siwezi tena kuacha kusikia. Unipe mutoto."

Scholastique akaachilia ule mkono. Falone alimbeba binti yake ndani, na bibi akabaki langoni, mgongo wake kwa hospitali, mpaka Didier alipokuja kumwambia kwamba mtoto ameamka na anaomba maji.

Déborah alipona. Ungetegemea hadithi iishe hapo, kwa vigelegele. Koo lilipopoa, mtoto alilala mdomo umefungwa, anapumua polepole, bila sauti hata moja. Mwalimu alisema sasa amepata mwanafunzi. Falone alilala. Didier alilala. Scholastique alisimama kando ya kitanda, akasikiliza kimya kile alichokijua, na akamtikisa mtoto begani.

Alimtikisa siku hiyo, na siku iliyofuata, na zilizofuata. Kiganja chini ya pua hakikumtosha, mkono kifuani haukumtosha. Lazima aone macho yakifunguka. Haikuchukua muda, Déborah akaanza tena kusinzia darasani. Wazazi walihofu kwamba nyama zimeota upya. Mtoto mwenyewe ndiye aliyemwambia bibi yake, mbele ya wote, bila hasira, uso umejaa uchovu:

"Koko, uniache nilale."

Hakuna aliyemfukuza, Didier hata hakuweza kumtazama. Lakini Scholastique hakuwa mtu wa kuambiwa mara mbili. Zamani aliambiwa aende kwenye maji kwa sababu mtoto wake ana sauti. Sasa alikuwa anakwenda kwa sababu mjukuu wake hana. Alifunga nguo zake, akavuka Lualaba kwa mtumbwi, akabisha kwa Francine.

Francine, mjane sasa, alikuwa amenenepa uzeeni. Alitandika mkeka wa pili kando ya wake, na alipolala, alikoroma mpaka mabati yakaitika.

Asubuhi Scholastique huvuka kumwona Déborah akienda shule, amenawa, macho maangavu, na jua likiwa kali anarudi Alunguli. Siku moja walikuwa wakitwanga sombe, majani ya muhogo, uani, mchi huu ukishuka, ule ukipanda, Francine akasimamisha wake.

"Yaya. Ule dokta wa Déborah. Ulimuuliza juu ya Destin?"

"Nilimuuliza."

Mkono wa kushoto wa Francine ulikuwa umekwisha kupanda sikioni. "Akasema nini?"

Scholastique alitazama majani kinuni, kijani kimekuwa uji. Akatwanga mara moja, akatwanga tena.

"Alisema ilikuwa homa," akajibu. "Alisema hata kwa kitanda, hata kwa hospitali, angeenda tu. Mugongo haikumufanya kitu."

Ule mkono wa Francine ukashuka, ukashika mchi, na wakamaliza kutwanga.

Walipokwisha kula alijinyoosha kwenye mkeka, na punde mkoromo ukaanza, kuku wakatoka mlangoni. Scholastique alijilaza kando yake, uso kwa mgongo ule mpana. Alisikiliza treni ikiondoka, ikisimama, ikiondoka tena, na kabla haijafika Kongolo alikuwa amelala.